Jiwe Moja, Rangi Tatu

Leo nataka kuwaeleza jinsi nuru inavyopita ndani ya mawe ya namna fulani: mawe ambayo huipinda nuru, huigawa sehemu mbili, na tena hula baadhi yake njiani. Mtu aweza kuuliza, "Mambo hayo yatufaa nini sisi wavuvi na wakulima?" Nitamjibu kwa habari iliyotokea kwetu Ilagala, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Habari hiyo ilikaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi, na kosa lililokuwamo, sehemu yake kubwa lilikuwa langu mimi.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mpwa wangu alirudi kutoka Merelani, upande wa Arusha, alikokwenda kufanya kazi ya migodi. Alikuja na kijiwe kimoja, kikubwa kidogo kuliko punje ya hindi, na rangi yake buluu kama ziwa letu wakati wa adhuhuri. Alikuwa akihitaji fedha za kununua wavu wa dagaa. Basi akaenda kwa mzee mmoja jirani yetu, akaweka kijiwe kile rehani, akapewa fedha. Mzee akakifunga katika kitambaa, akakitia sandukuni.

Baada ya miezi mitatu mpwa wangu alipata fedha, akaenda jioni kulipa deni na kuchukua mali yake. Mzee akatoa kitambaa, akakifungua mbele ya taa. Kijiwe kilikuwa cha zambarau. Kijana akapiga kelele, "Hiki si changu! Changu kilikuwa buluu!" Watu wakakusanyika, na mimi nikaitwa, kwa kuwa ni mjomba wake, tena ni mwalimu. Nikakishika kijiwe penye taa, nikaona kweli ni zambarau. Ndipo niliposema mbele ya watu wote maneno ninayoyajutia hata leo: "Jiwe si kinyonga. Halibadili rangi."

Mzee hakunijibu neno. Alikifunga kijiwe kitambaani, akatuambia twende tukalale. Tangu usiku ule watu walianza kupita mlangoni pake bila kumwamkia, na neno "mwizi" likasemwa chini kwa chini sokoni na pwani.

Sasa niruhusuni niliache jambo hilo hapo kwa kitambo, tulitazame jambo la nuru. Maana bila kulijua hilo hamtaweza kuamua ni nani aliyekosa.

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa ziwani amekwisha kuliona. Ukichovya kasia majini kwa mshazari, laonekana kama limevunjika pale linapoingia. Mvuvi anayewinda kwa mkuki naye ajua kwamba hana budi kulenga chini ya pale anapomwona samaki, kwa sababu samaki yu chini zaidi kuliko anavyoonekana. Ukitazama wima kutoka mtumbwini, kitu kilicho mikono minne chini huonekana kama ki mikono mitatu tu.

Sababu yake ni mwendo wa nuru. Mahali patupu nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Majini hupunguza mwendo, ikaenda kama kilomita 225,000, yaani robo tatu tu. Sasa wafikirini watoto wa shule kumi walioshikana mikono katika mstari mmoja, wakitembea mchangani kuelekea ziwani kwa mshazari. Mtoto wa mwisho upande mmoja huingia majini kwanza, naye hupunguza mwendo, hali wenzake wa mchangani wangali wakienda upesi. Matokeo yake ni nini? Mstari wote hugeuka. Nuru nayo hugeuka vivyo hivyo inapoingia mahali inapokwenda polepole. Kanuni ya kugeuka huko iliandikwa na Ibn Sahl huko Baghdad karibu na mwaka 984, na baadaye Willebrord Snell wa Uholanzi akaivumbua tena mwaka 1621.

Haya, tuyaache maji, tuchukue punje ya chumvi. Sisi hatuhitaji kwenda mbali, maana Uvinza wapo jirani zetu, nao wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Itazameni punje nzuri ya chumvi mchana. Mtaona ina pembe za mraba, kama kijisanduku. Kitu kama hicho, ambacho chembe zake zimepangwa kwa utaratibu ule ule tangu upande huu hata upande ule, huitwa fuwele. Katika fuwele ya chumvi chembe zimepangwa sawasawa kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Kwa hiyo nuru ikiingia, hukuta njia zote ni sawa. Huenda kama kilomita 194,000 kwa sekunde, upande wo wote ielekeako. Kioo cha chupa nacho ni vivyo hivyo, ingawa kwa sababu nyingine: chembe zake zimechanganyikana ovyo, hata hakuna upande ulio tofauti na mwenziwe.

Lakini fuwele nyingi hazikupangwa kama chumvi. Upande mmoja chembe zimebanana, upande mwingine zimeachana, kama mbao ilivyo na nyuzi zake: ukipasua kwa urefu yapasuka upesi, ukikata kwa kuvuka shoka lagoma. Mwaka 1669 mtaalamu mmoja wa Denmark, jina lake Erasmus Bartholin, alichukua jiwe jeupe lililo wazi kama kioo, lililotoka nchi ya Iceland, akaliweka juu ya maandishi. Alistaajabu kuona kila mstari umekuwa mistari miwili! Nuru moja ilikuwa imeingia, nazo zikatoka mbili. Moja ilifuata kanuni ile ya Ibn Sahl na Snell, na ya pili haikuifuata.

Ili kulifahamu jambo hilo, hatuna budi kujua kwamba nuru ni mtikisiko. Chukueni kamba ndefu, mwenzenu ashike ncha moja, nanyi mtikise ncha ya pili juu na chini. Wimbi hukimbia kwenye kamba. Mwaweza pia kuitikisa kulia na kushoto. Nuru ya jua ina mitikisiko ya pande zote hizo, imechanganyika. Sasa ipitisheni kamba katikati ya miti miwili ya boma, iliyosimama karibu karibu. Mtikisiko wa juu na chini hupita. Mtikisiko wa kulia na kushoto huzuiliwa na miti. Fuwele kama ile ya Iceland huitenga nuru namna hiyo, ila haizuii yo yote. Huipa mitikisiko ya namna mbili mwendo wa namna mbili, na kwa kuwa kila moja ina mwendo wake, kila moja hugeuka kwa kadiri yake.

Nafika sasa kwenye kiini cha maongezi yetu, nanyi watoto tegeni masikio. Ndani ya kila chembe ya jiwe mna vitu vidogo mno viitwavyo elektroni. Kila elektroni imeshikwa mahali pake, kama pembea iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Nuru ikipita, huisukuma. Mwajua pembea ina mapigo yake. Ukiisukuma kwa mapigo yasiyolingana na yake, hutikisika kidogo tu, ikaurudisha msukumo kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ndiko kupungua mwendo, na kupungua mwendo ndiko kunakoipinda nuru. Lakini ukiisukuma kwa mapigo yake hasa, hupokea nguvu yako yote, ikapaa juu. Hapo nguvu ya nuru imeliwa, nayo hugeuka kuwa joto ndani ya jiwe. Mapigo ya nuru ndiyo rangi yake: nuru ya buluu ina mapigo ya upesi, nyekundu ina mapigo ya polepole. Jiwe likila nyekundu na manjano, litatuachia buluu machoni.

Hivyo basi kupinda nuru na kula nuru ni kazi ya mkono mmoja. Sasa ikumbukeni tena ile pembea ya kamba mbili. Mbele na nyuma yaenda kwa urahisi. Ukiisukuma kando, kwa kufuata tawi, yakataa, au yaenda kwa mapigo mengine kabisa. Elektroni katika fuwele isiyo sawa pande zote zi katika hali hiyo hiyo. Nuru inayotikisika upande mmoja yaweza kuliwa rangi nyekundu, na nuru inayotikisika upande wa pili ikaliwa rangi ya kijani. Jiwe ni moja, lakini nuru mbili zinazopita ndani yake hazina mwendo mmoja, wala hazitoki na rangi moja.

Kuna fuwele zinazokula nuru moja karibu yote na kuiacha ya pili ipite. Mwaka 1852 daktari William Herapath wa mji wa Bristol, Uingereza, alieleza jambo la ajabu. Mwanafunzi wake alikuwa ametia aidini katika mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini, dawa ile ile chungu ya homa ya malaria. (Msicheke, watoto, elimu haichagui pa kuanzia.) Vikatokea vifuwele vya kijani. Daktari alipovitazama kwa darubini aliona kwamba viwili vikilaliana kwa kufuatana, nuru hupita; lakini vikilaliana kama msalaba, pale vinapokutana ni giza kama usiku. Kimoja kilikuwa kimekula mtikisiko wa upande mmoja, na cha pili kikala uliobaki.

Kijiwe cha mpwa wangu nacho ni cha ukoo huo wa fuwele zinazokula nuru, ingawa kwa upole zaidi. Jina lake ni tanzanaiti. Mawe hayo yalijulikana mwaka 1967 katika vilima vya Merelani, na mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilimtambua Jumanne Ngoma kuwa mvumbuzi wake. Jina hilo lilitolewa mwaka 1968 na duka la vito la Tiffany la New York. Mpaka leo hapajulikani mahali pengine duniani panapochimbwa kwa biashara. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa kilo 9.27 na kilo 5.1, akapata zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Kwa hiyo mwaona si mchezo wa watoto.

Jiwe hilo limefanyizwa kwa kalisi, aluminiamu, silika na maji kidogo yaliyofungwa ndani yake, pamoja na chembe chache za madini yaitwayo vanadiamu. Chembe hizo chache ndizo zinazokula nuru. Nazo zimekaa mahali ambapo urefu, upana na kimo ni tofauti zote tatu. Kwa hiyo jiwe lina rangi tatu: ukilitazama kwa upande mmoja ni buluu, kwa upande wa pili ni zambarau, na kwa upande wa tatu ni rangi ya kahawia au manjano iliyofifia. Mafundi hulipasha moto polepole kufikia kama digrii 500 au 600, na rangi ile ya tatu huondoka; ndiyo sababu mawe ya madukani huonyesha buluu na zambarau tu. Mtu asijaribu kufanya hivyo katika jiko la makaa, maana jiwe lenye ufa ndani litapasuka. Tena kuna jambo moja zaidi. Nuru ya jua ina buluu nyingi, nayo nuru ya taa ya moto ina wekundu mwingi. Kwa hiyo jiwe lile lile huelekea buluu mchana na zambarau usiku.

Wataalamu nao hawakuyamaliza mambo haya kwa siku moja. Katika mawe yaliyo wazi kabisa, mitikisiko ile miwili hukingamana sawasawa kama msalaba. Lakini katika mawe yanayokula nuru, ambayo pande zake tatu ni tofauti, msalaba huo hupotoka. Mwaka 1902 Woldemar Voigt wa Ujerumani alionyesha kwamba ziko njia chache ndani ya jiwe ambamo mitikisiko miwili hukaribiana hata ikawa mmoja, nao huzunguka kama mtu anayechochea uji. Mwaka 1955 kijana wa Bangalore, Bara Hindi, jina lake Pancharatnam, aliyekuwa na umri wa miaka 21 tu, aliieleza habari hiyo kwa hesabu, akaijaribu kwa jiwe la buluu liitwalo iolaiti. Jiwe hilo lapatikana hata Tanzania. Kijana yule hakuwa mkubwa sana kuliko wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu.

Sasa turudi Ilagala. Siku ya nane baada ya usiku ule nilikuwa nikitayarisha somo la nuru. Nikafungua kitabu changu cha chuoni, nikakuta ukurasa mmoja juu ya mawe yenye rangi mbili na tatu. Ukurasa ambao nilipokuwa mwanafunzi niliuruka, kwa kuwa haukuulizwa katika mtihani. Nikausoma mara mbili, jasho likanitoka. Asubuhi yake nikaenda kwa mzee pamoja na mpwa wangu na watu wawili wazima. Nikachukua karatasi nyeupe, na kipande cha chupa ya buluu.

Nikamwambia mzee, "Shikamoo, baba. Tunakuomba ututolee kile kijiwe mara moja tena." Akakitoa. Tukakaa barazani, jua limekwisha kupanda, nikaweka karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa. Kwanza nikakigeuza kile kipande cha chupa huku na huku. Kilikuwa buluu, kikabaki buluu. Kisha nikaweka kijiwe juu ya karatasi. Kilikuwa zambarau. Nikakilaza ubavu, mpwa wangu akashtuka, kwa kuwa kilikuwa buluu ile ile aliyoijua. Nikakisimamisha, kikawa kama chai iliyopoa.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Rangi peke yake haikuthibitisha kwamba kijiwe kile ndicho alichokiacha. Ilionyesha tu kwamba shtaka letu halikuwa na mguu wa kusimamia. Ndipo nilipomwuliza mpwa wangu, "Kijiwe chako kilikuwa na alama gani nyingine?" Akafikiri, akasema, "Kilikuwa na pengo dogo penye pembe, kama jino lililovunjika." Tukatafuta. Pengo lilikuwapo. Kijana akapiga magoti pale pale, akaomba radhi. Nami nikaomba radhi yangu.

Mzee alinitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, huyu ni mtoto, aliogopa kupoteza mali yake. Wewe ulisema kwa sababu watu watakuamini." Sikuwa na la kujibu. Alikwisha kutusamehe, akatupa kahawa. Lakini neno lile limekaa nami kuliko karipio lo lote nililopata chuoni. Jumapili ile nilisimama sokoni, nikasema kwa sauti kwamba mimi ndimi niliyekosa. Mzee yule sasa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu.

Kabla sijaagana nanyi, napenda kuwaachia mambo matatu. La kwanza ni kwa wenye kununua au kuweka mawe rehani. Litazameni jiwe mchana, juu ya karatasi nyeupe, mkiligeuza pande zote tatu, na andikeni rangi ya kila upande pamoja na uzito na alama zake. Jiwe linaloitwa tanzanaiti nalo halibadiliki hata kidogo likigeuzwa, litilieni shaka, maana huenda likawa kioo. Lakini likibadilika msifanye haraka kufurahi, kwa kuwa yako mawe mengine yenye tabia hiyo. Hapo mpelekeeni mjuzi mwenye vyombo.

La pili ni kwa wavuvi. Mnamo mwaka 1929 Edwin Land wa Marekani alipata njia ya kupanga vifuwele vingi mno vya namna ile ya Herapath katika utando mmoja mwembamba. Kutokana na kazi hiyo zikaja miwani za jua zinazokula mng'ao wa maji, ingawa siku hizi utando wake hutengenezwa kwa njia nyingine. Mng'ao wa ziwa hutikisika zaidi kwa ulalo, na miwani hizo hula mtikisiko huo. Basi mtu aliyezivaa huweza kuona chini ya maji pale ambapo mwenziwe aona kioo kitupu. Mkipata mbili, laleni moja juu ya nyingine mkielekea nuru, kisha mgeuze moja kama msalaba. Mtaliona giza lile lile aliloliona Herapath.

La tatu ni kwa walimu wenzangu. Wazee wamesema, usilolijua ni usiku wa kiza. Mimi naongeza kwamba usiku huo ni mzito zaidi pale mwenye taa anaposema na taa yake haijawashwa. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema, "Ngojeni nikatazame." Hayo ni maneno mawili tu, nayo yangalimwokoa mzee mmoja na siku nane za kuitwa mwizi.